Herufi za Jannon chini ya Jina la Garamond

Ukurasa wa mwisho wa kitabu husomwa na watu wachache. Pale chini huandikwa jina la nyumba ya chapa, mwaka, na pengine jina la herufi zilizotumika. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa ningali fratri katika seminari kubwa, nilipewa kazi ya kupanga kurasa za kitabu kidogo cha sala za novena. Nikachagua katika kompyuta herufi zenye jina Garamond, kwa kuwa nilizipenda, na mwishoni nikaandika kwa fahari kwamba kitabu hiki kimepigwa chapa kwa herufi za Claude Garamond, mchongaji wa Paris, karne ya 16. Padri mzee aliyetufundisha historia ya Kanisa alikisoma kitabu mpaka mstari ule wa mwisho. Akaniita, akaniuliza maneno mawili tu: «Umeziona wapi?»

Sikuwa na jibu. Jina nilikuwa nimeliona. Herufi zenyewe za Garamond sikuwa nimeziona hata siku moja. Kumbe zile nilizozitumia hazikuwa zake. Zilikuwa za mtu mwingine, aliyezaliwa karibu miaka 20 baada ya kufa kwa Garamond, na ambaye jina lake sikuwa nimelisikia kamwe.

Makala hii ni jibu langu kwa yule mzee, ingawa limechelewa. Nataka kueleza namna gani kazi ya mtu mmoja ilipata kuitwa kwa jina la mwingine. Nani aliyeligundua kosa. Kisha tuzipime herufi hizo zenyewe, uzuri wake na upungufu wake, sisi tunaozitumia kwa kuandika Kiswahili.

Kazi ya mchongaji

Mtu akisikia leo neno «herufi», anafikiri juu ya kitu kisicho na uzito. Katika karne ya 16 herufi ilikuwa kitu cha kushikwa kwa vidole. Mchongaji alitwaa kijiti cha chuma, akachonga kwenye ncha yake herufi moja, kwa kinyume, sawasawa na sura inayoonekana katika kioo. Kisha akakipasha moto na kukipoza ili kiwe kigumu, akakipiga kwa nyundo juu ya kipande cha shaba. Alama iliyobaki ndani ya shaba ndiyo kalibu. Kalibu hiyo ikafungwa katika chombo cha mkono, ikamiminiwa risasi iliyoyeyushwa pamoja na bati na antimoni. Ikaganda mara moja, na herufi ikatoka. Kijiti kimoja huzaa kalibu nyingi, na kalibu moja huzaa herufi kwa maelfu. Tena kila ukubwa wa herufi ulidai vijiti vyake vyenyewe. Aliyetaka herufi kubwa za madhabahuni na herufi ndogo za kitabu cha mfukoni alilazimika kuchonga yote upya, alfabeti nzima, mara kwa mara.

Basi, mwenye kuchonga ndiye baba wa ukurasa. Lakini jina lake halikuwekwa kitabuni. Kitabu kilibeba jina la mwandishi, jina la mwenye nyumba ya chapa, na pengine jina la mfalme aliyetoa ruhusa. Mchongaji alibaki nyuma, kama fundi aliyeyajenga mawe ya kanisa na kwenda zake. Vijiti na kalibu viliuzwa, vilirithiwa, vilisafirishwa toka mji hata mji, na mara nyingi karatasi za maelezo hazikuvifuata. Tukishika neno hili, tutaelewa kwamba kosa nitakaloeleza halikuanza kwa ubaya wa mtu. Lilianza kwa desturi ya kumsahau fundi.

Mtu wa Paris

Claude Garamond, ambaye watu wa wakati wake waliandika jina lake Garamont, kwa t mwishoni, alifanya kazi Paris na kufa mwaka 1561. Hakuanzia mahali patupu. Mnamo 1496, huko Venezia, Aldus Manutius alipiga chapa kitabu kidogo cha Pietro Bembo juu ya safari ya mlima Etna. Bembo huyo baadaye alifanywa Kadinali. Herufi za kitabu kile zilichongwa na Francesco Griffo, naye alikuwa amefanya jambo jipya: alizifanya herufi ndogo na herufi kubwa zipatane kama watu wa nyumba moja. Katika miaka ya 1530 wachongaji wa Paris waliufuata mfano ule wakautengeneza zaidi, na kati yao Garamond ndiye aliyepata sifa kubwa kupita wote.

Mwaka 1540 akaagizwa kuchonga herufi za Kigiriki kwa ajili ya Mfalme François wa Kwanza. Mfano aliopewa ulikuwa mwandiko wa Angelo Vergecio, Mgiriki wa kisiwa cha Kreta aliyenakili vitabu vya mfalme. Kwa herufi hizo Robert Estienne alipiga chapa mwaka 1550 Agano Jipya la Kigiriki ambalo wataalamu wa Maandiko wanalijua hata leo. Juu ya herufi hizo hakuna mashaka yo yote: mapatano yake yapo, na vijiti vyake vimehifadhiwa katika nyumba ya chapa ya taifa la Ufaransa.

Garamond alipokufa, vyombo vyake vilitawanyika. Sehemu yake ilinunuliwa na Christophe Plantin, Mfaransa aliyefungua nyumba ya chapa Antwerpen mwaka 1555, yule aliyetoa Biblia kubwa ya lugha nyingi kati ya 1568 na 1572. Nyumba ile, iliyorithiwa na ukoo wa Moretus, ilipiga chapa vitabu vya Misa na Breviari kwa miaka mingi sana. Tangu mwaka 1877 imekuwa makumbusho, na mwaka 2005 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Humo ndani vijiti na kalibu za Garamond zingalipo. Jungu kuu halikosi ukoko. Vilevile, mwaka 1592, nyumba moja ya herufi huko Frankfurt, ya Egenolff na Berner, ilitoa karatasi kubwa ya mifano, ikaandika kando ya herufi majina ya wachongaji wake: hizi ni za Garamond, zile ni za Robert Granjon. Ni jambo la haki na la pekee kwa wakati ule. Kama watu wangaliiangalia karatasi hiyo tangu mwanzo, makala hii isingekuwa na sababu.

Mtu wa Sedan

Sasa tumtazame mtu wa pili. Jean Jannon alizaliwa mwaka 1580. Alikuwa Mprotestanti, naye alikuwa mpiga chapa wa Sedan, mji uliokuwa wakati ule chini ya mtawala wake mwenyewe, wenye chuo kikubwa cha Waprotestanti. Mwaka 1621 alitoa kitabu kidogo cha kuonyesha herufi zake, akakiwekea utangulizi. Anaeleza humo kwamba kazi ya chapa ilikuwa imeshushwa na watu wasioijali, naye akatamani kuwaiga wale mabwana wa zamani walioifanya kwa heshima. Lakini alikosa herufi. Kati ya wenye kuzitengeneza, wengine hawakutaka kumpa alizohitaji, wengine hawakuweza. Ndipo akaamua, karibu miaka sita kabla ya kuandika maneno hayo, kuchonga yeye mwenyewe.

Ndugu wasomaji, tusimame hapa kidogo. Mtu huyu alikuwa na miaka kama 35. Hatuambiwi kwamba alitaka kuwa mkubwa kuliko wazee wake. Alitaka kuwafuata tu. Aliwafuata vizuri hata watu waliokuja baadaye wakashindwa kumtenga nao. Sifa yake ikawa ndiyo kaburi la jina lake.

Mwaka 1640 Mfalme Louis wa 13, kwa shauri la Kadinali Richelieu, alianzisha nyumba ya chapa ya mfalme katika jumba la Louvre, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa Kumfuasa Kristo kwa Kilatini. Mwaka uliofuata, 1641, Sébastien Cramoisy, mkuu wa nyumba hiyo, alinunua kalibu kutoka kwa Jannon. Kwa hiyo nyumba iliyoanzishwa kwa shauri la Kadinali ilipokea kazi ya Mprotestanti, ikailipa. Herufi hazina ubatizo. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristo, ulitufundisha kukiri kwa furaha mema yaliyo kwa ndugu zetu waliotengana nasi. Mwaka ule wa 1641 kiwanda cha mfalme kilikuwa kimekwisha kufanya hivyo, ingawa pengine bila kulifikiri sana.

Jannon akafa mwaka 1658. Kalibu zake zikabaki Paris. Hazikutumiwa sana, zikalala.

Namna kosa lilivyokua

Katika karne ya 19 wakubwa wa nyumba ile ya chapa walizitazama kalibu za zamani walizorithi, wakaziona nzuri, za umbo la kale, zisizo na jina la mchongaji. Walikuwa nazo pia zile herufi za Kigiriki ambazo kweli zilikuwa za Garamond. Haikuwa vigumu kufikiri kwamba fundi aliyechonga Kigiriki cha mfalme ndiye aliyechonga na hizi za Kilatini. Jina kubwa likavuta kazi isiyo na jina, kama sumaku inavyovuta msumari.

Mwishoni mwa karne hiyo, Arthur Christian, mkuu wa nyumba ya chapa ya taifa, alizirudisha herufi hizo kazini, na watu wakazishangilia kwa jina la Garamond. Wamarekani wakaziiga: tangu 1917 Morris Fuller Benton, akisaidiana na Thomas Maitland Cleland, alitengeneza «Garamond» kwa ajili ya kampuni kubwa ya herufi ya Marekani. Mwaka 1922 kampuni ya Monotype ya Uingereza ikatoa «Garamond» yake. Wote wawili walikuwa wameiga kazi ya Jannon. Dunia nzima ilisifu Paris ya mwaka 1540 huku ikitazama Sedan ya mwaka 1621.

Mwanamke mwenye kutazama

Aliyelifunua jambo hili alikuwa mwanamke wa Marekani, Beatrice Warde, aliyezaliwa mwaka 1900. Alipokuwa bado kijana alifanya kazi katika maktaba ya kampuni ileile iliyouza Garamond ya Benton. Mkuu wa maktaba, Henry Lewis Bullen, alimwambia jambo lililomkaa moyoni: kwamba yeye, pamoja na vitabu vyote alivyopata kuvitazama, hakuwahi kuona herufi hizo katika kitabu cho chote cha karne ya 16. Angalieni, swali lake ni ndugu wa swali la yule padri wangu. Umeziona wapi?

Warde akahamia Ulaya, akatafuta. Alilinganisha ukurasa kwa ukurasa, mpaka akakifikia kile kitabu cha mifano cha Jannon cha mwaka 1621 kilichohifadhiwa katika maktaba ya Mazarine huko Paris. Herufi zilikuwa zilezile. Mwaka 1926 akachapisha uchunguzi wake katika jarida la Uingereza, The Fleuron, na tangu siku ile hakuna mtaalamu anayeweza kudai kwamba hajui.

Kuna mambo mawili ya kuongeza juu yake, kwa haki. La kwanza: makala ile hakuitia sahihi kwa jina lake. Aliandika kwa jina la mwanamume, Paul Beaujon. Aliyemrudishia Jannon jina lake, mwenyewe alificha la kwake. La pili: hata yeye alikosea pahali pamoja. Vyombo vya Jannon vilikuwa vimenyang'anywa na serikali huko Caen mwaka 1644, naye akadhani kwamba kalibu zilifika Paris kwa njia hiyo ya nguvu. Baadaye mapatano ya mwaka 1641 yalionekana: zilinunuliwa. Simwandiki hili kwa kumshusha. Naliandika kwa sababu linaonyesha ukweli wa namna ya kazi yake. Aliyefundisha watu kurudi kwenye chanzo alisahihishwa na chanzo.

Kuzipima herufi

Sasa tuache majina, tutazame sura. Kwa ajili ya makala hii nilichukua ukurasa mmoja wa sala, nikautoa mara mbili kwa karatasi ileile na wino uleule: mara moja kwa Garamond iliyo katika kompyuta nyingi, ile ya Monotype, ambayo ni ya Jannon, na mara moja kwa herufi zilizotengenezwa na Georg Duffner kwa kufuata ile karatasi ya Frankfurt ya mwaka 1592, ambazo zinatolewa bure tangu 2011. Nikaweka kurasa mbili mezani, nikawaita watu wachache wazitazame bila kuwaambia kitu.

Wote walisema kwamba kurasa hizo si sawa, ingawa hakuna aliyeweza kusema mara moja kwa nini. Sababu zenyewe ni hizi.

Kwanza, tutazame vile visigino vidogo vinavyomaliza mistari ya herufi. Katika Garamond wa kweli kisigino cha juu cha n, m au r kinashuka taratibu, kama mkono wa mtu aliyepumzisha kalamu. Katika Jannon kimesimama zaidi, tena kimekwanguliwa ndani, chenye ncha kali.

Pili, tutazame unene wa mistari. Garamond hupita kutoka wino mwingi hadi wino mdogo bila kushtua jicho. Jannon ana tofauti kubwa zaidi kati ya mstari mnene na mstari mwembamba. Kwa hiyo ukurasa wake humetameta, na ukurasa wa Garamond hutulia.

Tatu, tutazame herufi za kuinama. Herufi kubwa za kuinama za Jannon hazikubaliani juu ya mwinamo: hii inalala sana, ile inasimama karibu wima. Mimi nazipenda. Zinaonyesha mkono wa mtu. Lakini sala nzima ikiandikwa hivyo, jicho linapepesuka kama mtu katika mtumbwi. Upande wa Garamond kuna jambo la kushangaza: katika matoleo mengi ya leo yenye kufuata Garamond wa kweli, herufi za kuinama si zake, ni za Robert Granjon, kwa kuwa Granjon aliwapita wote katika kazi hiyo. Ndivyo alivyofanya Jan Tschichold katika Sabon, mwaka 1967, na Robert Slimbach katika Garamond ya Adobe, mwaka 1989. Kwa hiyo hata tukimfukuza Jannon nyumbani kwa Garamond, tutamkuta bado mgeni mwingine amekaa kimya pembeni. Tschichold angalau hakutumia jina la Garamond. Aliziita herufi zake kwa jina la Jacques Sabon, mtu wa nyumba ile ya Frankfurt. Hata hivyo Sabon hakuchonga herufi hizo, na Granjon hakupata kitu.

Je, nani anashinda? Kama ukurasa ni wa kusomwa kwa muda mrefu, kama Breviari au kitabu cha teolojia, nasema Garamond, bila kusita. Kama ni kichwa cha habari, ukurasa wa mbele, cheti cha ndoa au cha upadirisho, herufi za Jannon zina furaha ambayo mwenzake hana. Wasiozipenda wameziita nakala mbaya ya Garamond. Nakataa. Nakala mbaya haina sauti yake. Jannon alianza kwa kuiga akamaliza kwa kusema neno lake, kama mwanafunzi wa kwaya anayemfuata mwalimu mpaka siku moja tunatambua kwamba sauti tunayoisikia ni yake mwenyewe.

Mizani ya Kiswahili

Lakini kuna mizani moja ambayo wataalamu wa Ulaya hawakuitumia, nayo ni lugha yetu. Garamond alichonga kwa ajili ya Kilatini na Kifaransa, na Jannon vilevile. Katika Kilatini herufi k inaonekana kwa nadra sana, na w haimo. Kwetu ni kinyume. Andika neno «kuwakumbuka»: k tatu na w moja katika neno moja. Maneno yetu ya asili yanamalizika kwa vokali, na mara nyingi vokali hiyo ni a. Hivyo herufi ambazo kwa mchongaji wa Paris zilikuwa wageni, kwetu ni wenye nyumba, na a inabeba mzigo wa ukurasa wote.

Basi, tumbo la a katika ukoo huu wa herufi ni dogo, na katika Jannon ni dogo zaidi. Jicho la e nalo ni dogo. Katika kitabu kilichopigwa chapa vizuri kwa karatasi nzuri, udogo huo ni uzuri: unaipa mistari mwendo mwepesi. Katika hali yetu, ambapo ukurasa unatolewa mara moja kisha unanakiliwa kwa fotokopi, na nakala inanakiliwa tena kwa ajili ya jumuiya za mbali, wino unajaza matumbo hayo. A inakuwa doa. Mzee mwenye macho dhaifu, anayetakiwa kusoma somo mbele ya watu, anaona mstari wa madoa. Hilo si kosa la Garamond wala la Jannon. Ni kosa letu sisi tunaochagua herufi kwa sababu ya jina bila kufikiri nani atasoma na kwa mwanga gani. Dawa yake ni rahisi: tuongeze ukubwa. Herufi hizi ni ndogo kwa mwili wake, na ukubwa wa 12 wa Garamond si sawa na 12 ya herufi nyingine. Tumpe msomaji 13 au 14, na nafasi ya kutosha kati ya mistari. Karatasi itaongezeka kidogo. Lakini somo litasikika.

Hapa namkumbuka tena Beatrice Warde. Mwaka 1930, huko London, alitoa hotuba iliyopata sifa kubwa. Alifundisha kwamba chapa nzuri inafanana na bilauri ya kioo safi: inaacha divai ionekane, nayo haijionyeshi, na kwamba kikombe cha dhahabu kilichopambwa kinaficha kile ambacho watu wamekuja kunywa. Nakubaliana naye juu ya vitabu vingi. Ila padri ambaye kila asubuhi anashika kalisi hawezi kukubali yote. Kuna kikombe ambacho heshima yake ya nje inatangaza kilichomo ndani. Kitabu cha Injili kinachobebwa kwa maandamano hakipaswi kuwa kioo kisichoonekana. Kwa hiyo nasema: bilauri kwa masomo, kalisi kwa altare, na fundi mwema ajue yuko wapi.

Haki ya aliyekufa

Yabaki swali la mwisho. Je, kuna ubaya gani kuendelea kuziita herufi za Jannon kwa jina la Garamond? Jannon amekufa tangu 1658. Hadai kitu. Tena jina limekwisha kuzoeleka, na kompyuta zetu hazina lingine.

Walimu wetu wa maadili walitufundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, na kwamba jina jema ni mali. Hawakutufundisha kwamba mali hiyo inaisha mtu akizikwa. Wale wa karne ya 19 walikosea kwa kutojua, hatuwahukumu. Lakini tangu 1926 tumejua, na kosa lililojulikana likiachwa linabadilika jina lake. Hata hivyo sitaki tuanze vita na viwanda vya Ulaya juu ya jina. Wao waite wapendavyo. Sisi tunaweza kufanya lililo mkononi mwetu.

Nasi katika Kongo tuna sababu yetu ya kulijali. Mwaka 1624, miaka mitatu baada ya kitabu kile cha Jannon, katekismu ilipigwa chapa Lisbon kwa Kireno na Kikongo kwa uangalizi wa Padri Mateus Cardoso wa Shirika la Yezu. Katika kazi za namna hii jina la padri wa Ulaya linabaki. Je, maneno ya Kikongo yalitoka kinywani mwa nani? Kulikuwa na wenye lugha, waliopima kila neno na kusema: hivi sivyo, hivi ndivyo. Mafundi hao wamelala chini ya jina la mwingine, sawasawa na Jannon. Hata leo, tunapotoa vitabu vya liturjia, tafsiri na nyimbo, tunaandika jina la aliyesimamia, na mara nyingi tunamsahau katekista aliyekaa usiku akitafuta neno, na mama aliyepiga maandishi yote katika mashini. Sisi tunaolalamika juu ya wazee wetu waliosahauliwa, tusiwasahaulishe wengine.

Kitabu kile cha novena kimetolewa upya mwaka huu. Nimekipanga mwenyewe, kwa ukubwa wa 14, kwa sababu ya wazee. Sikubadilisha herufi, maana nazipenda bado. Nimebadilisha mstari wa mwisho. Sasa unasema kwamba herufi hizi, ambazo watu huziita Garamond, zimefuata kazi ya Jean Jannon, mpiga chapa wa Sedan, iliyoonyeshwa mwaka 1621. Chini yake yamefuata majina ya waliotafsiri, aliyepiga maandishi na aliyesahihisha. Yule padri mzee angalipo, ingawa macho yake yamepungua nguvu. Nimempelekea kitabu kimoja.